UDONGO WA MASINGA NI WA NANI?

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Krismasi iliyopita nyasi ilikuwa mimi, na fahali hao walikuwa babu yangu na mjomba wangu.

Niwaeleze, wasomaji wapenzi, ili tuwe pamoja. Babu mzaa baba anaishi Masinga, hatua chache kutoka bwawani. Mjomba, yaani kaka yake mama, anaishi Kangema huko Murang'a. Analima chai na mahindi kwenye mteremko mkali kiasi kwamba boga likikuponyoka jikoni, utalifuata hadi mtoni. Kwa hiyo mimi ni nusu wa juu na nusu wa chini, kama ule mto wenyewe.

Siku hiyo tulikuwa kwa babu. Tumekula, tumeshiba, wazee wameketi chini ya mwembe. Babu akanyoosha fimbo yake kuelekea bwawani, akasema: "Mnaliona lile jiwe? Babake huyu kijana alikuwa akiruka majini kutoka pale juu. Siku hizi hata bwawa likijaa, hapo ni tope la magoti. Samaki wamehama. Na tope hilo latoka kwenu, watu wa milimani. Mnalima hadi ukingoni mwa mto, mvua ikinyesha mnatuletea mashamba yenu."

Mjomba hakunyamaza. "Mzee, kwa heshima yako, shamba langu ni la chai. Chai haiachi udongo uende. Tazama mbuzi wa hapa wanavyong'oa nyasi hadi mizizi. Hilo tope ni la hapa hapa."

"Tope jekundu! Nani asiyejua udongo mwekundu ni wa Murang'a?"

"Na huu tunaoukanyaga, mzee, una rangi gani?"

Jamani, sauti zilipanda. Baba akajifanya amesinzia. Nyanya akaleta chai kuokoa hali, lakini mjomba aliondoka hata kabla ya jua kuinama, na tangu siku hiyo simu kati ya nyumba hizo mbili zikawa adimu. Shida ni kwamba harusi ya dada yangu ilikuwa imepangwa mwezi wa Agosti, na wazee hao wawili ndio waliotarajiwa kuketi meza moja. Nilipomuuliza mama ni nani mwenye haki, alinijibu, "Si wewe unayesoma Jiografia?"

Basi nikaamua kutafuta jibu. Haya ndiyo niliyoyapata.

GHALA LA MAJI

Kwanza tulijue bwawa lenyewe. Masinga ndilo la kwanza na kubwa kuliko yote katika msururu wa mabwawa matano ya Mto Tana yaitwayo Seven Forks. Lilikamilika mwaka 1981. Likijaa, maji yake huenea kiasi cha kilomita mraba 120, na lilijengwa kuweka mita za ujazo milioni 1,560. Ukiteremka na mto utakutana na Kamburu (1974), Gitaru (1978), Kindaruma (1968) na Kiambere (1988).

Mitambo ya Masinga huzalisha megawati 40 tu, ambazo si nyingi. Kazi yake kubwa ni kuwa ghala. Huweka maji ya masika, kisha huyatoa polepole wakati wa kiangazi ili mabwawa manne yaliyo chini yaendelee kutupa stima. Sasa fikiria, msomaji, ghala lako la mahindi limejaa mchanga hadi kiunoni. Ukivuna magunia ishirini utayaweka wapi?

Ndiyo hasara ya tope. Mwaka 2000 nchi yetu ilipata mgao wa stima kwa sababu ya ukame, na mwaka 2009 mitambo ya Masinga ilizimwa maji yalipopungua mno. Ukame si tope, hilo nakubali. Lakini kila nafasi inayochukuliwa na tope ni maji ambayo hayatakuwepo siku ukame utakapobisha hodi. Vipimo vilivyofanywa mwaka 2011 vilionyesha kwamba zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nafasi ya Masinga ilikuwa imekwisha kujaa. Kupima si kazi ya kubahatisha: mashua hupita juu ya maji na chombo kinachotuma sauti hadi chini na kungoja mwangwi wake. Mwangwi ukirudi upesi, kina ni kifupi. Kisha ramani hiyo hulinganishwa na ile ya zamani.

Wataalamu huliita tope hili mashapo, yaani chembe zilizobebwa na maji zikatua. Hazitui ovyo. Mto unapoingia bwawani hupoteza mwendo, kama mtu aliyebeba mzigo akafika mlangoni. Mchanga mzito hutua kwanza pale pale maingilioni na katika vijighuba vya kando, na udongo laini husafiri mbali zaidi hadi kwenye maji tulivu. Ndiyo sababu watu wa ukingoni, kama babu, huanza kuliona tatizo wakati katikati bado maji ni mengi.

Wala hasara haikomi hapo. Mto Tana una urefu wa kilomita 1,000 hivi na humwaga maji yake baharini upande wa Kipini. Tope linalobaki Masinga ni rutuba ambayo zamani ilifurika mashambani huko chini na kuijenga delta. Kitu kile kile kwetu ni takataka, kwa wenzetu ni mbolea iliyopotea njiani.

KWA NINI NI VIGUMU KUMKAMATA MWIZI

Utasema, "Si mtu afuate tu mto hadi juu aone?" Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini eneo linaloleta maji Masinga ni zaidi ya kilomita mraba 7,000. Linaanzia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, linashuka kwenye chai, kisha kahawa na mahindi, hadi nyika kavu za Mbeere, Yatta na Masinga yenyewe. Mito ni mingi: Sagana, Gura, Mathioya, Maragua, Chania, Thika. Yote huingia kwenye chungu kimoja.

Njia ya kwanza ni kupima maji ya kila mto. Unachota maji, unayachuja, unapima uzito wa udongo, kisha unazidisha kwa kiasi cha maji yanayopita. Ni njia nzuri, ila ina kasoro mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya udongo wa mwaka mzima huweza kupita katika siku chache tu za mvua kubwa, tena mara nyingi ni usiku. Anayechota kila Jumatatu saa nne asubuhi ataukosa msafara wenyewe. Pili, kipimo kitakuambia udongo umepita Mto Maragua, lakini hakitakuambia kama ulitoka shambani, barabarani au kwenye kingo za mto zilizoporomoka. Na bila kujua hilo, dawa utampa mgonjwa yupi?

Njia ya pili ni ya kisasa zaidi, nayo hufanana na ya polisi. Mwizi akiacha alama za vidole dirishani, polisi hawana haja ya kumwona akiiba. Huchukua alama zile na kuzilinganisha na vidole vya washukiwa. Udongo nao una alama zake: rangi, madini, usumaku, kemikali, hata mabaki ya majani na mizizi. Mtafiti hukusanya udongo wa kila mshukiwa, akazijua alama zake, kisha huchota tope la bwawani na kuuliza: ni mchanganyiko gani wa washukiwa hawa ungeweza kutoa tope la namna hii?

Hesabu yake si ngumu sana. Tuseme udongo wa juu wa shamba una alama 10, na udongo wa kingo za mto una alama 2. Tope la bwawani lina alama 4. Toa 2 kwenye 4, unabaki na 2. Toa 2 kwenye 10, unabaki na 8. Mbili kwa nane ni robo. Basi robo ya tope ni ya shambani na robo tatu ni ya kingoni. Wataalamu hutumia alama nyingi na washukiwa wengi kwa pamoja, kwa hiyo kompyuta huwasaidia, lakini kiini chake ni hicho. Ni kama kuonja chai na kukisia maziwa yalikuwa vikombe vingapi.

CHUPA ZANGU KUMI NA MBILI

Mwalimu wetu wa Jiografia alipoyasikia haya alinipa changamoto. "Mashine huna," alisema, "lakini macho unayo." Likizo ya Aprili, mvua ndefu zikiwa zimeshika, nilibeba chupa tupu za maji kumi na mbili nikaenda Kangema kwa mjomba.

Jioni ya siku ya tatu mbingu zilifunguka. Nilijitanda gunia la plastiki, nikatoka. Chupa ya kwanza nilichota kwenye kijito kidogo kinachotoka kati ya majani chai. Maji yalikuwa na wingu kidogo tu. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Nikapanda hadi barabarani. Wasomaji, ile barabara ya udongo ilikuwa mto! Maji mekundu yaliteremka katika nyayo za magurudumu, yakajaa mtaroni, yakapita kwenye kalvati, kisha yakaruka moja kwa moja hadi shambani na kukata korongo refu kushuka mtoni. Chupa ya pili ilikuwa nzito kama uji wa wimbi. Ya tatu nilichota chini ya shamba la mahindi la jirani lisilo na matuta. Nayo ilikuwa uji, ingawa mwepesi kidogo.

Nilipomwonyesha mjomba hizo chupa tatu, tabasamu lilipungua. "Barabara si yangu," alisema. Kweli si yake. Lakini njia ya miguu kutoka barabarani hadi kwake, anayopitisha majani chai kila siku ya kuuza, nayo ilikuwa imechimbika hadi kimo cha goti, na maji yake yalikuwa ya rangi ile ile.

Wiki iliyofuata nilikuwa Masinga. Huko nilichota udongo wa malisho, udongo wa shamba la mtama la babu, mchanga wa kijito kikavu, udongo wa njia ya ng'ombe inayoteremka kutoka bomani hadi majini, na mwisho tope lenyewe la kwenye jiwe la baba.

Mwalimu alinifundisha jambo moja kabla ya kulinganisha: usilinganishe mchanga na unga. Maji huchambua chembe njiani, makubwa huachwa na madogo huendelea, na chembe ndogo kwa kawaida hubeba alama nyingi kuliko kubwa. Kwa hiyo nilikausha kila sampuli, nikaiponda, nikaipepeta kwa kitambaa kile kile, kisha nikalinganisha laini kwa laini na mchanga kwa mchanga.

Sasa sikia nilivyoumbuka. Alama yangu ya kwanza ilikuwa rangi. Nilidhani nyekundu ni Murang'a na kijivu ni Masinga, kama babu alivyosema. Kumbe udongo wa malisho yetu nao ni mwekundu wa kahawia! Vilivyokauka na kupepetwa, vilikaribiana kama mapacha. Rangi, ambayo ndiyo iliyowagombanisha wazee, haikufaa kitu.

Alama ya pili ilikuwa sumaku. Nilivunja spika ya redio mbovu nikatoa sumaku yake, nikaifunga kwenye karatasi ya nailoni na kuipitisha juu ya kila sampuli. Kila moja ilitoa chembe nyeusi! Mwalimu alicheka baadaye akanieleza kwamba udongo wa volkano wa milimani una chuma, na mchanga wa miamba ya kale ya Ukambani pia una chembe zake nyeusi za madini ya chuma. Wataalamu wana vyombo vinavyopima aina na kiasi cha usumaku kwa makini na hivyo kuzitenganisha, lakini sumaku ya redio haina elimu hiyo. Funzo: alama moja haitoshi kumfunga mtu.

Alama ya tatu ndiyo iliyosema. Niliweka sampuli za mchanga juani nikaziinamisha. Za Kangema zilikaa kimya. Za Masinga zilimetameta! Ni vipande vyembamba kama magamba ya samaki viitwavyo ulanga. Miamba ya kale ya upande wetu wa chini ina ulanga mwingi, ilhali udongo uliotokana na volkano, kama ule wa Kangema, haukunionyesha hata chembe. Nikachukua tope la kwenye jiwe la baba, nikaliosha taratibu, nikaliweka juani.

Lilimetameta kama anga la usiku.

Nililitia pia ndani ya chupa ya maji, nikalitikisa na kuliacha. Kwa muda mfupi mchanga wenye ulanga ulitua chini, ukafanya tabaka nene. Siku ya pili juu yake kulikuwa na tabaka jembamba la udongo laini mwekundu. Sehemu kubwa ya tope lile, basi, ilikuwa mchanga wa jirani. Ule wekundu mwembamba wa juu ungeweza kuwa wa milimani au wa malisho yetu, na vyombo vyangu havikuweza kuamua.

Nikapandisha macho kutoka kwenye jiwe. Mbele yangu, ikinyooka kama kidole cha shahidi mahakamani, ilikuwa njia ya ng'ombe wa babu. Mvua ilikuwa imeigeuza korongo.

MASHAHIDI WANAOTOKA ANGANI

Kabla sijawaambia nilivyofanya na habari hiyo, nieleze jinsi wataalamu wanavyokwenda mbali kuliko ulanga na sumaku. Sehemu hii ndiyo iliyonishangaza zaidi.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya nyuklia hewani. Vumbi lake lilizunguka dunia na kushuka na mvua. Ndani yake mlikuwa na sesiamu-137, kitu kisichokuwepo duniani kabla ya enzi za nyuklia. Sesiamu hiyo ilipofika ardhini ilishikamana na chembe za udongo wa juu kwa nguvu, isiingie chini sana. Mwaka 1963 Marekani, Muungano wa Kisovieti na Uingereza walitia saini mkataba wa kuacha majaribio ya hewani, na kuanguka kwake kukapungua. Sesiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 30, kwa hiyo ya wakati ule imebaki kama robo. Ni kidogo mno na haimdhuru mkulima, lakini mashine huiona.

Faida yake ni hii. Udongo wa juu, ule ulionyeshewa, una sesiamu. Udongo wa ndani, ule wa makorongo, wa kuta za barabara iliyokatwa mlimani na wa kingo za mto zilizoporomoka, hauna au unayo kidogo sana, maana ulikuwa umefichwa. Basi tope la bwawani likiwa na sesiamu ya kutosha, mshukiwa ni uso wa shamba au malisho. Likiwa halina, tafuta korongo, barabara na kingo. Alama hiyo yaweza kutenganisha shamba na barabara hata kama vyote viwili viko kwenye kilima kimoja chenye mwamba mmoja, jambo ambalo ulanga hauwezi.

Ila huku kwetu karibu na ikweta sesiamu ilianguka kidogo kuliko nchi za kaskazini. Kwa hiyo watafiti hutumia pia risasi-210. Hii si kazi ya mabomu. Miamba hutoa gesi iitwayo radoni, gesi hupanda hewani, hugeuka hatua kwa hatua kuwa risasi-210 na kurudi na mvua. Hupungua nusu kwa miaka 22 hivi, lakini kila mvua huongeza nyingine, kwa hiyo haiishi.

NANI BASI MWENYE HATIA?

Mwaka 1979 mtafiti Thomas Dunne alichapisha matokeo ya kazi yake kuhusu mito ya Kenya. Aliona kwamba maeneo ya misitu hutoa udongo kidogo kabisa, maeneo ya kilimo hutoa zaidi, na malisho makavu yaliyochakaa ndiyo hutoa mwingi mno kwa kila kilomita mraba. Yeye na wenzake walionya pia kwamba barabara za vijijini na vijia vya watu na mifugo, ingawa huchukua sehemu ndogo ya ardhi, hutoa sehemu kubwa ya udongo kuliko ukubwa wao. Chupa yangu ya uji wa wimbi ilikuwa shahidi mdogo wa jambo kubwa.

Sababu haifichiki. Penye msitu, tone la mvua huangukia jani, kisha takataka za majani, kisha huingia ardhini. Barabarani tone huangukia udongo mtupu ulioshindiliwa ukawa kama sakafu. Maji hayaingii, hukusanyika, hupata nguvu, na mtaro huyapeleka moja kwa moja mtoni. Malishoni mvua ni chache, lakini huja ghafla baada ya kiangazi, wakati nyasi zimekwisha na ardhi iko uchi.

Lakini jihadhari, jibu la mahali pamoja si jibu la kila mahali. Huko Zambia, watafiti waliochunguza alama za udongo katika Mto Kaleya, na kuchapisha mwaka 2001, walikuta zaidi ya nusu ya udongo ulitoka mashamba ya wakulima wadogo. Kwingine kingo za mto ndizo huongoza. Ndiyo maana ya kutafuta chanzo: dawa iende kwa mgonjwa. Ukimlazimisha mwenye chai achimbe matuta huku barabara inamwaga tope kando yake, umempiga asiye na kosa na tope linaendelea.

DAWA TUNAYO NYUMBANI

Cha kutia moyo ni kwamba dawa twaijua. Katika miaka ya 1930 sehemu nyingi za Machakos zilikuwa zimekatika makorongo hata wengine wakazikatia tamaa. Wakulima, wengi wao kupitia vikundi vya mwethya, walichimba matuta. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka mara nyingi, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Tuta mashuhuri zaidi huitwa fanya juu, kwa sababu udongo unaochimbwa mtaroni hutupwa upande wa juu. Wapenzi wa Kiswahili, tembeeni kifua mbele! Jina hilo limo katika vitabu vya wataalamu wa udongo wa nchi nyingi, kwa Kiswahili chetu.

Upande wa milimani, tangu mwaka 2015 kuna Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaosaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda nyasi za nepia na miti, na kuweka mabwawa madogo ya kuvuna maji. Barabara nazo zina dawa: mitaro midogo mingi inayotawanya maji penye nyasi badala ya mmoja unaoyakusanya yote, na mawe chini ya kila kalvati. Na njia ya mifugo yaweza kupindishwa isishuke wima.

MWISHO WA KESI

Niliogopa kumwambia babu. Mtoto kumwonyesha mzee kosa si jambo jepesi. Nilimpelekea chupa mbili jioni, ile ya jiwe na ile ya Kangema, nikaziweka mbele yake bila neno. Alizigeuza katika mwanga wa jua la magharibi. Muda mrefu ulipita.

"Hii inayong'aa ni ya wapi?" aliuliza.

"Ni ya kwenye jiwe, babu."

Alitazama bomani, akatazama ile njia, akatazama bwawa. "Ng'ombe wangu," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini huyu mwekundu wa juu, je?"

"Huyo sijui, babu. Huenda ni wa mjomba, huenda ni wetu. Na lile jiwe ni ghuba moja tu, si bwawa zima."

Nilikuwa mkweli kwake na nataka niwe mkweli kwenu. Chupa zangu hazikupima Masinga nzima. Tope la milimani lipo, tena lile laini linalokwenda mbali ndilo ambalo babu halioni kutoka ukingoni. Nilichothibitisha ni kidogo: tope la mlangoni kwake, sehemu kubwa, lilitoka mlangoni kwake.

Asubuhi nilimkuta babu anapanda mkonge kukingama ile njia, na mawe amekwisha yapanga kwenye korongo sehemu tatu. Ng'ombe walipewa njia nyingine ya kuzunguka. Baada ya chai aliniazima simu, akampigia mjomba.

"Tope la kwenye jiwe ni letu," alimwambia waziwazi. "Lakini nasikia barabara yenu ni mto. Hilo nalo sijalisahau."

Nilisikia kicheko cha mjomba hadi nilipokuwa nimesimama. Alisema ameanza kuweka mawe na nyasi kwenye njia yake ya chai, na kwamba wazee wa kijiji wamekubali kukutana kuhusu kalvati. Mwezi wa Agosti walikula meza moja, na aliyeanza kumkaribisha mwenzake chakula alikuwa babu.

Wanafunzi wenzangu, mvua nyingine ikinyesha, toka na chupa uchote maji yanayopita nyuma ya bweni letu, pale tulipojifanyia njia ya mkato kwenda bwalo la chakula. Iweke dirishani usiku mmoja. Asubuhi utauona udongo ulioibiwa, na ukitazama chini ya viatu vyako huenda ukamwona na mwizi.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.